Chombo cha Kwenda Nyota ya Jirani: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Hapa Kigoma

Ukisimamisha darubini ufukweni usiku wa kiangazi, haipiti nusu saa umezungukwa. Anakuja mama anayesubiri dagaa mwaloni, anakuja kijana wa bodaboda, wanakuja wanafunzi wa bweni walioomba ruhusa na wengine ambao, kwa kuwa mimi ni mwalimu, naona afadhali nisiwaulize. Wakishamaliza kushangaa miezi ya sayari ya Mshtarii, swali ni lilelile: "Na hizi nyota zenyewe, hakuna chombo kilichofika?" Hakuna. Lakini wako watu waliokaa wakapiga hesabu ya safari hiyo, tena kwa makini. Nimeyaandika majibu hapa ili Ijumaa niwe na nafasi ya kutazama mbingu na mimi.

Nyota ya jirani ni ipi hasa?

Ya kwanza ni Jua, jambo ambalo watu husahau. Baada ya Jua inafuata Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani kilomita trilioni 40 hivi. Ni nyota kibete nyekundu, na ingawa ndiyo jirani wa mlango wa pili, jicho tupu haliioni. Iligunduliwa na mtaalamu wa nyota Robert Innes kule Johannesburg mwaka 1915. Mwaka huohuo meli tunayoiita leo Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma. Liemba nitaitaja tena na tena, mnivumilie. Mtu wa Kigoma akizungumzia safari ndefu ataikwepaje?

Proxima ina wenzake wawili wakubwa, Alpha Centauri A na B, wanaozungukana. Kwa macho wanaonekana nyota moja, ya tatu kwa kung'aa katika anga zima la usiku. Kiswahili kina jina lake, Rijili Kantori, lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya mguu wa kantori, yule kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu, nusu farasi.

Mwaka wa nuru ni muda au ni umbali?

Umbali. Mwulize kondakta wa basi Kasulu ni mbali kiasi gani: hakutajii kilomita, anakutajia saa. Wataalamu wa nyota nao hufanya hivyo hivyo, ila basi lao ni nuru, inayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde.

Kwa vyombo tulivyo navyo sasa, tungefika lini?

Chombo kilichofika mbali kuliko vyote ni Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977. Kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Dar es Salaam hadi Kigoma, safari ambayo treni inawalaza abiria njiani, ni dakika moja na robo. Hata hivyo, kama kingekuwa kinaelekea Proxima (hakielekei), kingetumia miaka 75,000 hivi.

Kilichovunja rekodi ya kasi ni Parker Solar Probe. Desemba 2024 kilipita karibu na Jua kwa kilomita 192 kwa sekunde, kikivutwa na uzito wa Jua lenyewe. Hata kasi hiyo, ukiishika bila kupungua, ni miaka zaidi ya 6,000. Kwa hiyo anayesema tunahitaji roketi nzuri zaidi kidogo hajaelewa ukubwa wa tatizo. Tunahitaji njia nyingine kabisa.

Kwa nini tusiongeze tu mafuta?

Hapa huwa nawapeleka Tabora. Karne ya 19, misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji ilitembea kwa miguu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Sasa chukua msafara usiopita kijiji hata kimoja cha kununua chakula. Kila mpagazi atahitaji mwenzake wa kumbebea posho. Huyo mwenzake naye anakula, kwa hiyo atafutiwe wa kumbebea yeye, na huyo wa tatu vilevile. Ukirefusha safari kwa siku chache tu, msafara unafumuka, na wengi waliomo hawabebi bidhaa yoyote, wanabebeana chakula.

Roketi ndivyo ilivyo: mafuta yanabeba mafuta. Msafara wa kweli uliokolewa na vijiji vya njiani, hata kama kule Ugogo, nchi ya Wagogo, walilipishwa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wapite. Roketi haina Ugogo.

Hesabu yake aliitoa Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi mwaka 1903. Alikuwa mwalimu wa shule, na sitaacha kulitaja hilo. Mafuta bora ya kawaida hutoka kwenye injini kwa kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Ukitaka kufikia asilimia moja tu ya kasi ya nuru kwa mafuta hayo, kila kilo moja ya chombo itadai kilo za mafuta ambazo idadi yake ina tarakimu zaidi ya 280. Atomu zote za ulimwengu tunaouona hukadiriwa kwa namba yenye tarakimu 80 na kidogo. Darasani nikifika hapo huwa naweka chaki chini.

Basi nyuklia?

Hili limefikiriwa kwa kina. Kuanzia 1958 Wamarekani walikuwa na mradi wa Orion, akiwamo mwanafizikia Freeman Dyson: unalipua mabomu madogo ya nyuklia nyuma ya chombo, mlipuko unasukuma bamba nene, chombo kinaruka. Ni wazo la kutisha, lakini kwa hesabu lilikuwa linasimama. Mwaka 1963 mkataba wa kupiga marufuku milipuko ya nyuklia hewani, majini na angani uliufungia mlango.

Lililonivutia mimi zaidi ni Daedalus, kazi ya wanachama wa British Interplanetary Society, chama cha Uingereza cha wapenda safari za anga, kati ya 1973 na 1978. Walikuwa watu wa kujitolea, wakipiga hesabu jioni baada ya kazi zao. Walichora chombo kisicho na mtu cha kwenda nyota ya Barnard, karibu miaka ya nuru 6, kwa asilimia 12 ya kasi ya nuru, safari ya miaka 50 hivi. Injini ingeunganisha viini vya deuteriamu (hidrojeni nzito) na heliamu-3 (heliamu nyepesi), vidonge 250 vya mafuta hayo kila sekunde, jambo ambalo hata leo hatujaweza. Kati ya tani 54,000 za chombo, 50,000 ni mafuta. Ule msafara wa wapagazi bado unatufuata. Na heliamu-3 ni adimu sana duniani, kwa hiyo waliandika bila aibu kwamba itabidi ikachotwe kwenye hewa ya Mshtarii.

Wanafunzi wangu huuliza: tani 54,000 utazirushaje? Huzirushi. Liemba nayo haikuja Kigoma ikielea. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya ufukweni. Daedalus ni zaidi ya Liemba 30, na ufukwe wake ni anga.

Tunasikia habari za tanga linalosukumwa na leza. Ni kweli au ni hadithi?

Fizikia yake ni kweli. Leza ni mwali mkali wa nuru, na nuru ikigonga kitu inakisukuma, kidogo sana, kama pumzi. Wajapani walilithibitisha mwaka 2010 kwa chombo chao IKAROS kilichotandaza tanga likasukumwa na mwanga wa Jua. Uzuri wa tanga ni ule ambao kila anayetumia tanga ziwani anaujua: upepo haubebwi kwenye mtumbwi. Injini inabaki nyumbani, na wapagazi wote wanabaki nyumbani.

Tarehe 12 Aprili 2016, bilionea Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza New York mradi wa Breakthrough Starshot, kwa ahadi ya dola milioni 100 za utafiti. Chombo chenyewe ni kipande cha kielektroniki cha gramu chache kwenye tanga jembamba la mita nne hivi, kisukumwe na leza kutoka ardhini hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru. Njiani miaka 20 na kitu, kisha miaka minne ya kusubiri habari.

Sasa mtazame bei yake kwa vipimo vya kwetu. Leza iliyokusudiwa ni ya gigawati 100, yaani megawati 100,000. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yote tisa ikizunguka, linatoa megawati 2,115. Kwa hiyo ni mabwawa 47, yote kwa pamoja, kwa dakika chache. Na nguvu hiyo yote ikigonga tanga inasukuma kwa uzito wa kilo 68 hivi: gunia la mahindi ni zito kuliko hapo. Lakini kusukuma gramu chache kwa uzito wa mtu mzima si mchezo. Kinachofuata ni mshtuko mkubwa mara maelfu kuliko uzito wa kawaida wa vitu duniani, na tanga lisichanike, lisipinde, lisiyeyuke, lisiteleze nje ya mwali. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mradi wenyewe umepoa, na hakuna tanga la aina hiyo lililorushwa. Mimi naona wazo ni zuri, ila ile "miaka 20" ilipigiwa tarumbeta mapema mno. Watu waliisikia kana kwamba inaanza kuhesabiwa kesho yake.

Umeme wote huo, si afadhali utumike kwa wananchi?

Swali la haki, hasa mkoani kwetu ambako tuliishi miaka na miaka kwa majenereta ya dizeli. Jibu langu: hakuna anayependekeza kuuchomoa kwenye gridi ya mtu. Nishati ya kusukuma gramu moja hadi kasi hiyo ni megawati-saa 500 na kidogo, ambazo Bwawa la Nyerere huzizalisha kwa robo saa likiwa na nguvu kamili. Sehemu kubwa ya umeme ingepotea njiani, kwa hiyo bili halisi ni kubwa kuliko hiyo. Kazi ni kuuhifadhi pole pole na kuuachia kwa dakika, na kwa sasa hakuna betri za kiwango hicho.

Vumbi la angani halitakitoboa?

Litakigonga, bila shaka. Kwa kilomita 60,000 kwa sekunde punje ya vumbi inakuwa risasi. Daedalus ilipangiwa ngao ya metali ya beriliamu mbele. Cha gramu chache hakiwezi kubeba ngao, kwa hiyo wapangaji wanataka kisafiri kikitanguliza ukingo ili upande unaogongwa uwe mwembamba, na warushe vingi. Kama samaki: anataga mayai elfu, hategemei moja.

Nani atakitengeneza kikiharibika?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na huwa linaulizwa na mafundi, si wanafunzi.

Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma takataka zisizosomeka. Chipu moja ya kumbukumbu ilikuwa imekufa. Mafundi wa NASA waliikatakata programu iliyokuwa imehifadhiwa humo, wakaihamishia sehemu nyingine za kumbukumbu, na Aprili 2024 chombo kikaanza tena kusomeka, kikiwa na umri wa miaka 46. Kila amri ilichukua saa 22 na nusu kufika na jibu saa nyingine kama hizo kurudi. Subira ya ajabu. Ila jaribu kuifanya kazi hiyo Proxima: unauliza "tatizo nini?" mwaka huu, unajibiwa baada ya miaka minane na nusu. Hapo hakuna fundi. Chombo lazima kijitambue kinaumwa wapi na kijitibu chenyewe.

Halafu kuna suala la kulala. Chombo kitakaa miongo kikiwa kimezimwa, kwenye baridi kali, kisha kiamke siku moja na kufanya kazi yote. Mnaikumbuka habari ya Liemba mwaka 1916? Wajerumani walipoona wanashindwa vita waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo wahandisi waliipaka mitambo grisi nzito, wakijua ipo siku itatakiwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mpangaji wa chombo cha nyota anatafuta grisi hiyo: ya kuzuia mionzi isile chipu, ya kuzuia betri isife. Plutoni-238, metali ya mionzi inayoilisha Voyager umeme, hupungua nusu kila miaka 88 hivi, na ni nzito mno kwa chombo cha gramu.

Kikifika kitasimama?

Hapana. Kusimama kunadai nguvu ileile ya kuanzia, na leza imebaki nyumbani. Kitapita. Umbali kama wa kutoka hapa duniani hadi kwenye Jua kitaukata kwa dakika 42. Ni kama treni isiyosimama stesheni: umesafiri miaka 21, sasa uko dirishani na una nafasi moja ya kusoma jina la kituo. Wapo watafiti waliopendekeza nuru ya nyota zenyewe itumike kama breki, lakini hilo linataka tanga kubwa zaidi na mwendo wa polepole zaidi.

Picha zitarudi vipi?

Kwa shida. Voyager hutuma kwa redio ya wati 23, na tunaisikia kwa madishi ya upana wa hadi mita 70. Proxima ni mbali mara 1,600 hivi ya hapo ilipo Voyager. Mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake sauti ileile ingekuwa dhaifu mara milioni mbili na nusu. Na chombo cha gramu hakina hata hizo wati 23.

Tena chombo kitakuwa kinaongea kikiwa jirani na nyota. Simama Kibirizi usiku wa giza, boti za dagaa ziko kazini na taa zao, halafu mtu aliye kati ya boti hizo akuwashie kiberiti. Utakiona? Ujanja mmoja ni rangi: ukiwa na leza ndogo yenye rangi ambayo nyota yenyewe inaitoa kwa uchache, unaweza kuchuja zilizobaki. Bado utahitaji kioo kikubwa cha kupokelea, na subira: picha moja inaweza kuja kwa muda mrefu, chembe kwa chembe.

Kuna nini huko cha kutazama?

Sayari. Agosti 2016 ilitangazwa Proxima b, yenye uzito unaokaribia wa Dunia au kuzidi kidogo, inayomaliza mwaka wake kwa siku 11.2. Iko umbali ambao maji yangeweza kuwa majimaji. Tahadhari: Proxima ni nyota ya hasira, hulipuka mara kwa mara na kumwaga mionzi, kwa hiyo huenda hewa ya sayari hiyo ilishapeperushwa zamani. Agosti 2025 wataalamu wa nyota wanaotumia darubini ya angani ya James Webb walitangaza dalili za sayari kubwa ya gesi kwenye Alpha Centauri A. Bado ni dalili. Msije mkasema mwalimu kasema ipo.

Si afadhali tungoje teknolojia iwe bora?

Methali zetu zinagombana hapa. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 2006 mtafiti Andrew Kennedy aliifanyia hesabu: ukiondoka mapema mno, atakayeondoka baadaye na chombo cha kasi atakupita njiani, na utafika ukamkuta ameshafika. Ukingoja mno, unachelewa bure. Katikati kuna wakati wa kuondoka.

Mimi nasema tusirushe sasa. Turushe kwanza cha kwenda mahali pa karibu zaidi, ng'ambo ya Voyager, kwa tanga la majaribio, tujifunze vumbi na tujifunze kulala. Lakini kusubiri bila kujenga chochote hakuleti hiyo teknolojia bora. Anayengoja naye lazima afanye kazi.

Leza isijengwe Kigoma?

Nimeulizwa na diwani, kwa hiyo najibu kwa heshima. Kusini mwa ikweta ndiko kunakofaa, maana nyota yenyewe iko kusini. Ila inatakiwa jangwa, mlima mrefu, hewa kavu; Atacama ya Chile ndiyo hutajwa. Kigoma tuna mvua kuanzia Oktoba hadi Mei, ziwa liko mita 770 na kitu tu juu ya bahari, na Rijili Kantori kwetu haipandi zaidi ya nyuzi 34.

Kurusha roketi ni jambo jingine, na Afrika Mashariki imeshafanya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani. Jina lake ni Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Si kumchokonoa Mungu huku?

Mzee mmoja wa Ujiji aliniuliza, nikamwachia atazame kwanza. Alipoinua kichwa alisema, "Mbona ni nyingi hivi?" Hakurudia swali, na mimi sikulijibu.

Nina kijana kidato cha pili anataka kazi hii. Asome nini?

Fizikia na hisabati, baadaye kombi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) akiweza. Lakini pia asidharau kuchomelea, umeme na programu za kompyuta. Waliookoa Voyager walikuwa mafundi waliosoma michoro ya zamani bila kuchoka.

Nitaionaje mwenyewe?

Mwanzoni mwa Julai, saa tatu usiku, simama mahali penye giza uelekee kusini. Tafuta Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake kuna nyota mbili zinazong'aa, kama walinzi. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Rijili Kantori. Kwa darubini ndogo utaona ni mbili, zimeshikana. Proxima iko jirani yake, huioni, ila unajua ipo.

Changamoto ya hapa ni kwamba wavuvi wa dagaa nao hupenda giza. Usiku usio na mbalamwezi, ambao ni mzuri kwa nyota, ndio ziwa linajaa taa. Basi ukija, simama ukizipa mgongo, na uvae sweta. Upepo wa Julai hauna adabu.